Upande Uliokuwa Wangu

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili nilipovaa shati la refa kwa mara ya kwanza. Mamangu aliliangalia lile shati la kijivu lenye ukosi mweusi, akaniuliza kama nimeajiriwa ulinzi wa benki. Nilikuwa nimelivaa juu ya fulana ya mikono mirefu, na mtandio nimeuchomeka ndani ya ukosi usinipepee usoni nikikimbia. Nilichukua mkoba nikatoka. Hasira zangu ziko karibu, na siku ile sikutaka kutoka nyumbani nimegombana na mzazi.

Siku za kazi nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Mbaraki, na bado niko. Mpira wa kikapu niliucheza tangu shule mpaka goti la kulia likakataa. Kukimbia naweza, kuruka ndiko siwezi. Daktari aliponiambia niache, nililia wiki nzima kama mjane, kisha nikasikia chama kinatafuta wanawake wa kufunzwa urefa. Nilijiandikisha kabla sijamwambia mtu nyumbani.

Kanuni ya chama ilikuwa kwamba refa mpya huchezesha msimu wake wa kwanza pamoja na refa mmoja mkongwe, huyo huyo, kila mechi. Mimi nilipewa yule aliyetufundisha darasani. Alikuwa mtu wa Rabai, Mkristo, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana yake Makupa, miaka hamsini na saba, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Kipenga alikuwa amekipuliza miaka ishirini na miwili. Nilimwita Ami, kama nilivyozoea kumwita kila mwanamume wa rika la babangu huko kwetu Mji wa Kale. Mara ya kwanza alicheka sana. "Yaani mimi Mrabai leo nimekuwa ami wa Mwarabu?" Baadaye alizoea, na yeye akawa ananiita mamangu. Alasiri ikiingia kabla ya mechi, nilitandika msala wangu nyuma ya stoo ya mipira, naye alisimama mbali akinilindia mkoba, mgongo amenipa.

Kabla ya kila mechi alitaka robo saa. Si dakika kumi, robo saa. Tulikaa kwenye benchi la saruji, akatoa mfukoni ile chaki bapa ambayo mafundi huandikia vyuma, akachora uwanja chini baina ya miguu yetu. Marefa huwa wawili: mmoja hukaa chini ya kikapu, mwingine nyuma karibu na mstari wa katikati, na mchezo ukigeuka nao hubadilishana. Alikuwa akiugawa uwanja kama mtu anayegawa samaki. "Hapa pako. Hapa pangu. Mpira ukiwa kwangu, wewe usiutazame. Tazama wasio na mpira, maana huko ndiko watu huumizana."

Halafu alinikumbusha mambo yale yale, kila mechi, hata tulipokuwa tumeyachoka. Kabla mpira haujarudi mchezoni, nimtazame machoni na yeye anitazame, tujue sote tuko tayari. Nisipulize kipenga upande wake ila nikiwa na hakika kwamba yeye hangeweza kuona. Na akikosea, nimwendee, nimwambie kwa sauti ya chini, "Ami, mimi nimeona hivi," kisha nimwachie aamue mwenyewe. "Hata kama waona haya," alisema. "Sisi wawili tukinyamaziana, hapa hakuna refa."

Kumtazama machoni kulinishinda mwezi mzima. Nilikulia katika nyumba ambayo msichana akisema na mtu mzima macho huwa chini, na mtu mzima huyo akiwa mwanamume, chini zaidi. Si kwamba nilichapwa ili nifanye hivyo. Yaliniingia tu, kama jinsi ya kushika kijiko. Katika mechi yangu ya kwanza alishika mpira kando ya mstari akingoja nimtazame, nami nilikuwa natazama viatu vyake. Wachezaji wawili wakasukumana, mmoja akaanguka, sikuona. Mapumzikoni aliniambia bila kugomba, "Mamangu, usiponitazama mimi sijui kama uko hai." Nikawa najizoeza ofisini kwa kuwakodolea macho madereva wa malori waliokuja na karatasi zao, mpaka mmoja akaniuliza amenikosea nini.

Lile la kumwambia amekosea, hilo sikuliweza kabisa. Jumamosi moja jua likiwaka, mpira ulimgonga mkononi mchezaji wa njano ukatoka nje, upande wa kushoto wa Ami, hatua mbili tu kutoka kwake. Yeye akanyoosha mkono kuwapa njano. Uwanja mzima uliona. Kocha wa samawati alipiga teke chupa ya maji, ikaruka hadi kwa watazamaji. Ami alinitazama, akangoja. Ilinipasa nitembee hatua saba au nane nimwambie neno moja. Lakini niliwaona wale watu wametukazia macho, nikajiona mimi, msichana wa juzi, namwendea mtu aliyenizidi miaka ishirini na mitano kumsahihisha mbele ya halaiki, nikabaki pale pale. Nikainua kidole gumba. Ilikuwa ishara yetu ya kwamba tuko pamoja.

Mechi ilipokwisha aliniuliza, "Ule mpira wa nje uliuona?"

"Sikuuona vizuri, Ami."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema, akaendelea kufungua viatu.

Wiki mbili baadaye ndipo nilipoelewa. Marefa hukagua mpira kabla ya mechi, huudundisha, huubonyeza. Nilimrushia Ami polepole kutoka kushoto kwake, mrusho wa kumrushia mtoto. Hakuinua mkono. Mpira ulimgonga sikioni ukadunda mpaka kwenye meza ya watunza alama. Alishtuka, kisha akacheka. "Mawazo, mamangu." Lakini alikuwa amegeuza kichwa kizima kunitafuta, kama kuku anayetazama punje, na jicho lake la kushoto, ambalo nililitazama kwa mara ya kwanza bila haya, lilikuwa na utando kama wa maziwa yaliyopoa. Nikakumbuka kwamba siku zote hunitaka nikae kuliani kwake tukiwa kwenye benchi, na kwamba sahani yake ya wali huimaliza upande mmoja kabla hajaugusa wa pili.

Siku ile ile, kana kwamba anajua nilichokiona, aliniambia jambo ambalo sikumwuliza. Huu ulikuwa msimu wake wa mwisho. Alitaka auchezeshe mpaka fainali, kisha asimame katikati ya uwanja, akitoe kipenga shingoni mwenyewe, mbele ya watu, akirudishe kwa chama. "Nimeona wenzangu wakitolewa kwa barua," alisema. "Mtu amekimbia miaka ishirini, halafu aletewa bahasha. Mimi barua siitaki." Nami nilijua, maana yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha, kwamba chama kikigundua refa haoni, barua huandikwa siku hiyo hiyo.

Nilirudi nyumbani na jambo hilo moyoni. Mamangu alikuwa barazani ndani, sinia la mchele mapajani, akichambua. Nikamwuliza, "Mama, mtu mzima akiwa na kasoro, nawe umeijua, yafaa umwambie?"

"Kasoro ya tabia ama ya mwili?"

"Ya mwili."

Aliacha mchele. "Astaghafirullah. Kasoro ya mwili alompa ni Mungu, wewe wataka kumwambia nini? Hajui kama anayo? Msitiri. Mwenye kumsitiri mwenziwe naye husitiriwa."

Sikumwambia kasoro yenyewe iko wapi, wala mtu huyo hufanya kazi gani. Niliuliza kile nilichotaka kujibiwa, nikaondoka na jibu langu nimeridhika.

Kwetu sitara ni jambo kubwa. Jirani akigombana na mkewe sisi hatukusikia, ingawa ukuta wetu na wao ni mmoja. Mtu akija na nguo iliyochanika, unampa shuka ajifunike baridi, hata kama ni Januari na watu wanatokwa jasho. Nyanyangu nilimwona kwa macho yangu akimwaga chai yake makusudi juu ya mkeka, kwa sababu mgeni alikuwa ametangulia kumwaga ya kwake na alikuwa akiona aibu. Nililelewa nikiamini kwamba hayo ndiyo maungwana, na bado naamini. Kwa hiyo nikaanza kumlindia Ami upande wake wa kushoto, kimya kimya, bila kumwuliza.

Nilijifunza kuiba jicho. Nikiwa chini ya kikapu, badala ya kukodolea wasio na mpira kama alivyonifunza, nilikuwa nachungulia kule kwake, kona ya kushoto, na nikiona faulo napuliza. Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri hata nikashangaa. Makocha walipunguza makelele. Mzee mmoja mezani alisema hajaona marefa wawili wanaoelewana kama sisi. Nami nisijifiche: nilifurahi. Nilijiona nimebeba siri ya mtu mkubwa, na kwamba bila mimi angeanguka, na hilo lilinipa kiburi ambacho nilikiita heshima.

Yeye hakuwa mjinga. Siku moja akichora uwanja wake wa chaki aliinua kichwa. "Siku hizi wanipulizia kipenga upande wangu."

"Kilinitoka tu, Ami."

"Kilikutoka mara nne Jumapili." Alikuwa akiizungusha ile chaki vidoleni. "Kuna jambo wataka kuniambia?"

Sauti yake haikuwa ya ukali. Nilichosikia mle ndani, na nilikisikia palepale, si baada ya miaka, kilikuwa ombi. Nikatazama viatu vyake. "Hakuna, Ami."

Alimaliza kuchora. Hapa pako, hapa pangu. Tukaingia uwanjani.

Nusu fainali ya wasichana ilikuwa alasiri ya Jumapili. Mechi ilikuwa kali, alama zinafuatana, na kwenye ngazi za saruji watu walikuwa wamejaa mpaka mwisho. Katika timu ya njano alikuwako msichana wa miaka kumi na tisa, shati nambari saba, mwembamba, mwepesi, mwenye meno ya mbele yaliyopangika vizuri na tabia ya kuchekacheka hata akipigiwa faulo. Alikuwa akimkera sana beki mmoja mkubwa wa samawati. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu robo ya kwanza. Mapumzikoni ilinipasa nimwambie Ami kwamba wale wawili watatufikisha pabaya. Sikumwambia. Nilikuwa na shughuli ya kufikiria upande wake.

Ilibaki kama dakika nne. Mimi nilikuwa chini ya kikapu, Ami nyuma. Mpira ukaenda kona ya kushoto kwake. Nikamwona hajageuka, nikajua hauoni. Nikatoa macho yangu yote chini ya kikapu nikayapeleka kule. Mchezaji wa samawati akampiga mwenye mpira kofi mkononi, nikapuliza kipenga kwa nguvu, ngumi hewani, nikijisifu moyoni kwamba nimewahi. Kipenga changu na mlio mwingine vilitoka pamoja. Mlio huo ulikuwa nyuma ya bega langu, hatua tatu tu, mlio kama wa mtu anayevunja kashata. Nilipogeuka, nambari saba alikuwa amepiga magoti, viganja vimefunika mdomo, na damu inamchuruzika baina ya vidole.

Kilikuwa kiwiko. Kila mtu alikiona isipokuwa marefa. Beki mkubwa alikuwa amesimama mbali, mikono hewani, uso wa mtu asiyejua lolote, na kwa kuwa hakuna refa aliyeona, hakuna refa aliyeweza kumtoa. Mchezaji mwenzake alikuwa anapapasa sakafuni akitafuta meno. Aliyapata mawili, akayaweka kwenye kifuniko cha chupa. Mwanamke mmoja aliteremka ngazi akipiga kelele, akaja mpaka usoni kwangu. "Wewe ulikuwa watazama wapi? Mwanangu yuko hapa, miguuni pako, wewe watazama wapi?"

Mechi ilimalizika, sikumbuki vipi. Marefa huandika ripoti palipotokea jeraha, na wote wawili hutia sahihi. Tulikaa stooni juu ya magodoro ya mazoezi, Ami na karatasi gotini, kichwa amekiinamisha upande ili jicho zima lione mstari. Hakuandika mara moja.

"Ulikuwa watazama wapi?" Swali lile lile la yule mama, kwa sauti ya chini.

"Upande wako."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na nafasi hapo pia. Stoo ilikuwa na harufu ya raba na jasho, mlango umefungwa, hapakuwa na halaiki ya kunitazama. Nikainama kufungua kamba za viatu. Yeye akangoja kwa muda mrefu kuliko watu wanavyongoja, kisha akaandika, akanipa karatasi na kalamu. Nikasoma. Alikuwa ameandika kwamba wakati wa tukio tulikuwa tumebadilishana maeneo, kwamba chini ya kikapu palikuwa pake, na kwamba yeye hakuona.

"Ami, hii sivyo ilivyokuwa."

"Tia sahihi, mamangu. Wewe ndio kwanza waanza."

Nikatia sahihi. Nilisema mara moja tu kwamba sivyo, kisha nikatia. Nilipotoka nje nilihisi nafuu, nafuu kabisa, kama mtu aliyetua gunia, na aibu ya nafuu hiyo ilinifuata baadaye, nikiwa nyumbani nafua lile shati.

Barua yake ilifika Jumanne. Walimwita kwanza wakampima macho, na kwa kuwa alikuwa ameandika mwenyewe kwamba hakuona, maelezo hayakuhitajika mengi. Fainali ilichezeshwa na watu wengine. Hakusimama katikati ya uwanja, wala hakutoa kipenga shingoni mbele ya mtu. Alimpa dereva wa chama akipeleke, ndani ya bahasha ile ile waliyomletea.

Nilimwambia mamangu habari nzima, nikitumaini atanipa moyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Yule mtu mwenye kasoro ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na kasoro yenyewe ni ya mato? Na kazi yake ni kuangalia?" Alinikazia macho mpaka nikainama. "Nawe waja kuniuliza kwa mafumbo. Mimi nilikwambia usitiri aibu ya mtu. Sikukwambia umsitiri kipofu akiendesha gari." Tangu siku hiyo hakulisema tena, na ningependa angalau angelisema.

Mimi nikaendelea kuchezesha. Walinipangia refa mwingine, kisha mwingine. Watu walikuwa wakinipa pole kwa kuwekwa na mzee asiyeona, nami nilikuwa naitikia, ahsante, ahsante. Ilipita miezi mitatu hivyo. Nambari saba alitengenezewa meno ya bandia, akarudi kucheza, ila alikuwa ameacha kuchekacheka, na akicheka aliweka kiganja mdomoni. Siku moja baada ya mechi alinifuata kwenye benchi langu. Nilidhani amekuja kunitukana, na ningeshukuru.

"Shikamoo, Bi refa," alisema, macho chini kama nilivyofunzwa mimi. "Nataka ujue sina kinyongo nawe. Najua halikuwa kosa lako. Ni yule mzee."

Nilimwitikia marahaba. Hilo tu. Nilimwona anakwenda zake na mkoba begani, nikajichukia kwa namna ambayo sikuwahi kujichukia kabla. Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nikaenda Makupa.

Karakana yake iko nyuma ya barabara kuu, malori yanapita hapo yakielekea bara na ukuta wote unatikisika. Alikuwa amevaa kinyago cha kuchomelea, anaunga lango la mtu. Aliponiona miguu aliinua kinyago. Alikuwa amekonda, au pengine nilikuwa sijazoea kumwona bila shati la kijivu. Alinipa stuli, upande wake wa kulia.

Sikukaa. Nilisimama kushoto kwake, nikamtazama lile jicho. "Ami, jicho lako la kushoto halioni. Nilijua tangu ule mpira ulipokugonga sikio. Nikawa natazama upande wako badala ya wangu. Yule msichana aliumizwa upande wangu."

Ilibidi niseme kwa sauti kubwa kwa sababu ya malori, na fundi mwenziwe aligeuka kutuangalia. Ami aliweka koleo chini.

"Nilijua wewe wajua," alisema. "Nikawa nangoja uniambie. Nilikuuliza, hukusema. Nikakuuliza tena."

"Mbona wewe hukusema?"

"Niliogopa." Alilisema hivyo hivyo, bila kulipamba. "Nilisema moyoni, huyu binti akiniambia, nitaacha siku hiyo hiyo, nitawaaga watu vizuri. Asiponiambia, basi pengine halijaonekana. Wewe ulikuwa wanisitiri, na mimi nilikuwa nakuachia unisitiri. Mficha maradhi, mamangu. Waujua mwisho wake."

Nilianza kulia. Hakuninyamazisha. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza, "Yule msichana amejua?"

"Adhani ni wewe."

"Mimi niliandika vile ili usivunjike ukiwa bado mpya. Nilikosea. Mimi nimekwambia langu, sasa wewe nenda ukaseme lako." Akashusha kinyago, na mwanga wa moto ukanilazimisha kugeuza uso.

Kwa msichana nilikwenda kwanza, nyumbani kwao, mamake akiwapo. Nilisema yote. Yule mama hakupiga kelele safari hii. Alinisikiliza, akafungua mlango, akangoja nitoke. Msichana alikuwa amekaa kwenye mkeka, na alinitazama usoni moja kwa moja mpaka nilipovuka kizingiti.

Chama nacho nilikiandikia barua, nikaipeleka mwenyewe. Walinisimamisha msimu mmoja, na Ami kipenga hakurudishiwa, kwa sababu jicho ni jicho. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ya kuipeleka barua, katibu wa chama, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliisoma mara mbili, akavuta daftari la mahojiano, akaanza kuandika kwa mkono. Aliniuliza mechi gani, dakika ya ngapi, nilikuwa nimesimama wapi. Nikamjibu yote. Halafu akauliza kwa nini nilitia sahihi ripoti niliyojua si ya kweli, na kwa nini nimenyamaza miezi yote hiyo.

"Nilikuwa namsitiri mtu," nikasema.

Aliandika, akafika mahali akasita, kalamu juu ya karatasi. "Mtu gani? Nitajie jina."

Jina la Ami lilinijia ulimini, tayari, kwa heshima zake zote. Nikamtazama yule mwanamke machoni, nikamtajia langu. Akaliandika.